Kiharusi, Ubongo na Lugha ya Hisia: Mazingatio Kutoka Kadutu

Aghalabu husemwa kwamba mgonjwa wa kiharusi "amepoteza lugha". Kauli hiyo huficha mambo mawili yaliyo mbalimbali, nayo yahitaji kutenganishwa hasa mahali kama Kadutu, mojawapo ya sehemu tatu za mji wa Bukavu pamoja na Ibanda na Bagira. Huko mtu mmoja huweza kufanya biashara kwa Kiswahili, kuomboleza kwa Mashi na kuandikiwa dawa kwa Kifaransa, lugha ya kazi hospitalini, ambamo maradhi haya huitwa kwa kifupisho AVC.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa mama auzaye sambaza katika soko la Kadutu. Kiharusi kimeharibu nusu ya kushoto ya ubongo wake, na kwa kuwa kila nusu hutawala upande wa pili wa mwili, mkono wake wa kulia umelegea. Hawezi kulitaja jina la samaki aliowauza miaka yote. Lakini mjukuu akianguka, mama hutamka "Yesu wangu!" bila kigugumizi, huhesabu moja hadi kumi, na wimbo wa kanisani huutoa pamoja na maneno yake. Jamaa huanza kunong'ona kwamba anajifanya.

Hajifanyi. Baada ya Paul Broca kuonyesha huko Paris, kuanzia mwaka 1861, kwamba usemi hutegemea sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto, daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alitambua kwamba wagonjwa wasioweza kuunda sentensi huweza bado kuapa, kulaani na kusalimu. Alitofautisha usemi wa kutoa hoja na usemi unaofyatuka wenyewe, na huu wa pili akauhusisha na nusu ya kulia. Mwaka 1982 Landis, Graves na Goodglass walionyesha kwamba wagonjwa wa afasia huyasoma maneno yenye hisia kwa urahisi zaidi kuliko yasiyo nayo. Hata hivyo si halali kusema kwamba hisia zote "hukaa kulia": viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo navyo hushiriki katika usemi wa mazoea.

Hali ya pili ni ngumu zaidi kutambulika, na yamkini huumiza zaidi. Jirani wa mama huyo amepooza mkono wa kushoto. Ubongo wake umedhurika upande wa kulia. Sarufi yake ni timamu na bei zote anazikumbuka. Ila anapomwambia mfiwa "pole", sauti yake ni ileile ya kutaja bei ya unga. Watu humwona mwenye kiburi. Kumbe Elliott Ross alikwisha kuieleza hali hii mwaka 1981: mgonjwa huweza kuhuzunika kwa dhati ilhali sauti yake haina njia ya kuonyesha huzuni. Wengine hushindwa pia kuitambua hisia katika sauti ya mwenzao. Neno "haya" likitamkwa kwa kukubali, kwa kuchoka au kwa kutisha, kwao ni "haya" moja tu.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Mashi ni lugha ya toni, yaani kidatu cha sauti huweza kubadili maana ya neno. Kiswahili kilikwisha kuipoteza toni hiyo, kikabaki na mkazo na kiimbo. Je, kupanda na kushuka kwa sauti ni kazi ya nusu moja ya ubongo? Van Lancker na Fromkin, walipowachunguza wasemaji wa Kithai mwaka 1973, waligundua kwamba toni zinazopambanua maneno hushughulikiwa zaidi na nusu ya kushoto, ilhali vidatu vivyo hivyo vikivumishwa tu bila maneno havionyeshi mwelekeo huo. Kinachoamua, basi, ni kazi ambayo sauti imepewa. Kwa msemaji wa Mashi na Kiswahili, inatarajiwa kwamba kiharusi cha kulia kitafifisha hisia za sauti katika lugha zote mbili bila kuzifuta toni za Mashi. Dai hilo lastahili kupimwa kwa wasemaji wenyewe, na mgonjwa akichunguzwa kwa Kifaransa peke yake halitapimika kamwe.

Kwa muuza sambaza, uimbaji waweza kuwa tiba: mbinu ya kufundisha usemi kwa njia ya lahani ilielezwa na Albert, Sparks na Helm mwaka 1973. Kwa jirani yake, msaada uko katika maneno. Kiswahili huweza kuuliza kwa kiimbo tu, na "umekula" ikawa taarifa, swali au lawama. Asiyepambanua sauti ataachwa njiani. Watu wa nyumbani wamuulize kwa ukamilifu, "Umekula ao bado?", nao wakiwa na hasira au furaha naye, waitaje kwa jina lake.