Mumeo Anataka Leseni ya Lori? Kaeni Chini Kwanza

Mwezi huu tupande milimani, Lushoto. Huko kijana akishakaa miaka miwili mitatu kama utingo wa Fuso la mboga, ujue siku moja atarudi nyumbani na jambo. "Mama watoto, nataka kusomea lori." Na hela anayoitaka ni ile ile mliyokuwa mnaiweka kidogo kidogo kwa ajili ya bati au ng'ombe wa maziwa. Hapo ndipo watu wanaponuniana wiki nzima!

Mke naye ana yake. Kwanza, si tayari anajua kuendesha? Kweli, utingo wengi hupewa usukani na dereva wao wakishafika tambarare ya Mombo, usiku, dereva akitaka kupumzika. Wengine wameendesha hivyo mpaka Segera. Kwa nini basi akalipe ada?

Shosti, hapo ndipo penye kimeo. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto, iliyoanzishwa enzi za Wajerumani, ina kama kilomita 33 tu, lakini inapanda mpaka mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwamba upande huu, korongo upande ule, kona juu ya kona. Na mzigo wa huko hauendi juu, unashuka. Lori linapanda jepesi kwenda soko la Lukozi, linateremka limesheheni kabichi, karoti na viazi, tena jioni, maana mzigo unatakiwa Dar kabla ya alfajiri. Masika ikiingia, weka ukungu na matope juu yake.

Dereva aliyejifunzia tambarare anashuka kwa breki. Anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena. Breki zikishapata moto zinapoteza nguvu, na kabla hujafika Soni unasikia harufu ya kuungua. Shuleni anafundishwa kuingiza gia nzito angali juu, kabla mteremko haujaanza, ili injini yenyewe ilishike lori. Gia ambayo ungepandia kilima hicho, au nzito zaidi ya hiyo, ndiyo ushukie. Lori likishachanganya mwendo, kuirudisha gia chini ni kazi kweli kweli, na ukiponyokwa ukabaki fri, basi tena. Anafundishwa pia kusoma geji ya upepo wa breki kabla ya kuondoka, kufunga mzigo usihame kwenye kona, na kuweka kigingi kwenye tairi.

Sasa leseni. Lori ni daraja E. Lile la gari dogo la nyumbani ni D, na mabasi ni C. Mtu huanza na leseni ya kujifunzia, anapimwa macho, anafundishwa, anafanyiwa majaribio na trafiki, ndipo TRA wanatoa leseni. Mafunzo ya udereva yapo VETA, na Dar kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. Kuna na wajanja watakaomwambia cheti kinapatikana bila kukanyaga darasani. Bei nafuu, ndiyo. Ila cheti hicho hakijui kushuka Soni.

Na akipata ajali bila daraja linalotakiwa, kampuni ya bima ina sababu nzuri tu ya kugoma kulipa. Mwenye gari atamgeukia nani? Ninyi, na hilo bati lenu.

Mke akishaelewa hayo, bado ana haki ya kuuliza. Ada ni shilingi ngapi, na ya kulala huko je? Wakati anasoma, nani anapeleka chakula mezani? Akishaajiriwa atalala njiani siku ngapi kwa wiki? Na lile suala la wapenzi wa njiani, Korogwe na Chalinze, lizungumzwe waziwazi, bila kurushiana maneno. Akina kaka, msikasirike. Mwanamke anayenyamaza hapo hajaridhika, anasubiri tu.

Kuna na upande wa pili ambao wengi hawauwazi: mke ndiye anayetaka kusomea E. Sheria haimkatazi, na usukani wa siku hizi hautaki misuli ya zamani. Maswali ni yale yale, ila anayebaki na watoto ni baba.

Mkikubaliana, andikeni bajeti kwenye daftari, mgawe ada kwa awamu kama chuo kinaruhusu. Na siku akianza kazi, simu ya kwanza aipige akishafika Mombo, siyo akiwa kwenye kona.