Mteja akisema amplifaya ya taa inakoroma, usikimbilie kununua taa mpya

Meseji iliingia saa tatu usiku. Duka nimeshafunga, nimebandika ndizi jikoni.

"Dada, habari za jioni. Ile mashine inakoroma. Ukiiwasha inaanza vizuri, baada ya dakika chache sauti inapasuka. Bezi ikipiga ndiyo balaa. Nakurudishia mzigo, unirudishie hela yangu."

Hela yenyewe ni 165,000, na nilishailipia mzigo wa eafoni. Mteja ni mwalimu, yuko Bukoba, anarekodi kwaya kwa kompyuta yake. Alishaniletea wateja wengine watatu kutoka kwenye grupu lao la walimu. Mnajua wenyewe: mteja wa aina hiyo akinuna, grupu zima linanuna.

Kwa wasionijua, nina kaduka ka vifaa vya simu na sauti hapa Nyakahanga, Karagwe. Nauza zaidi mtandaoni: stetasi, magrupu ya Kayanga na Omurushaka, mpaka Kyerwa, na mizigo ya mbali naipakia kwenye basi. Umeme sijausomea. Niliishia kidato cha nne, na Fizikia nilipata D. Haya ninayoandika nimeyajua kwa kupata hasara, kwa hiyo wewe yachukue bure.

Kwanza kifaa chenyewe. Amplifaya ya taa ya hedifoni ni kiboksi kidogo. Mbele kuna kitufe cha kuongeza sauti na tundu la hedifoni, juu vimesimama vichupa viwili vya kioo. Mafundi redio wa zamani waliviita valvu, kwenye matangazo ya sasa utakuta tyubu (siyo ya baiskeli), mimi nimezoea kusema taa. Ni teknolojia ya zamani kweli. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio za kuisikiliza zilikuwa na taa hizi. Transista iligunduliwa mwaka 1947, ikachukua muda, mwishowe ikaziondoa taa kwenye redio za majumbani. Sasa zimerudi kwa watu wanaopenda sauti laini. Na tuwe wakweli, zimerudi pia kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Mimi mwenyewe nilizinunua kwa ajili ya picha. Nilileta mbili, moja nikamuuzia mwalimu, moja nikaiacha dukani watu wajaribu.

Turudi kwenye meseji. Mwalimu alituma na picha: taa zote mbili zinawaka rangi ya chungwa, safi kabisa. Sikuuliza swali hata moja. Nikamjibu, "Pole mwalimu, hizo taa zitakuwa zimechoka, nakutumia mpya bure." Nilijiona nina huduma nzuri kwa wateja. Jozi ya taa pamoja na usafiri kutoka Dar ikanigharimu elfu 38. Tukasubiri siku kumi na mbili. Akabadilisha. Siku tatu baadaye: "Dada, bado."

Elfu 38 imekwenda, na mteja ana hasira kuliko mwanzo.

Nikamwomba airudishe mashine kwa basi, nauli juu yangu. Ilipofika nikaiweka mezani, nikachomeka adapta ya ile ya dukani, nikasikiliza saa nzima huku nahudumia wateja. Inaimba tu! Haikoromi, haipasuki. Hapo shetani akanijia. Nikaanza kumfikiria mwalimu vibaya, kwamba amepungukiwa hela anatafuta sababu. Nilisharekodi sauti ya kumtumia, ndefu na ya maneno makali. Namshukuru Mungu sikuibonyeza iende. Badala yake nikaandika swali ambalo ningeliuliza siku ya kwanza: "Mwalimu, samahani, unatumia adapta gani?"

Akakaa kimya, kisha ikaja picha. Adapta ya king'amuzi.

Ile ya kwenye boksi ilishaungua wiki ya pili, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Akaona ya king'amuzi tundu linaingia, imeandikwa 12V kama ile, taa zinawaka, akajua mambo sawa. Lakini angalia namba ya pili. Mashine inataka 12V na 1.5A. Ya king'amuzi ilikuwa 12V na 0.5A. Volti ndiyo ile ile, ila nguvu ya kusukuma ni theluthi moja. Ni sawa na kumpa punda mmoja mzigo wa punda watatu: anaanza safari vizuri, halafu mlima unakuja.

Kwa nini inakoroma badala ya kuzima kabisa? Hapa nilielewa baada ya kusoma sana usiku. Ndani ya taa hakuna hewa. Kuna kiwaya kidogo kinachopashwa moto, na ni huo moto unaofanya chembe za umeme ziruke kutoka kipande kimoja cha chuma kwenda kingine, zikibeba sauti. Moto ukipungua chembe zinakuwa chache. Sauti ndogo inapita, sauti kubwa inakatwa vichwa. Bezi ndiyo inayokula umeme mwingi, kwa hiyo ndiyo inaanza kupasuka. Na adapta iliyoelemewa inachemka, ikichemka inazidi kulegea, ndiyo maana tatizo lilikuwa linakuja baada ya dakika chache.

Lakini swali moja lilinisumbua. Kama moto ulikuwa mdogo, mbona kwenye picha taa zinawaka vizuri vile?

Jibu nililipata kwa bahati mbaya. Kesho yake nilikuwa nachezea ile ya dukani, nikachomoa taa moja kuiangalia, nikasahau kuirudisha, nikawasha. Soketi tupu ikawaka rangi ya chungwa.

Yaani chini ya kila taa kuna kitaa kidogo cha LED cha urembo! Kinamulika kioo kwa chini, ukiona unadhani taa inaungua kwa ndani. Mashine nyingi za bei ndogo ziko hivyo. Taa inaweza kuwa imekufa kabisa, LED bado inapendeza. Moto wa kweli ni mdogo, mwekundu uliofifia, uko katikati ya kichupa ndani ya vile vyuma, na mara nyingi unauona ukiwa gizani tu. Njia rahisi ni joto: washa, subiri dakika mbili, sogeza kidole karibu na kioo bila kukishika. Taa nzima inatoa joto. Iliyokufa inabaki ya baridi. Na kuna mashine ambazo viwaya vya taa zote mbili vimeunganishwa kwa mstari mmoja, ikiungua moja na mwenzake anapoa.

Nilikaa nikaangalia tangazo langu la zamani. Nilikuwa nimeandika, "Ona taa zake zinavyowaka, ndiyo siri ya sauti." Aibu. Nimelifuta, sasa nimeandika wazi kwamba mwanga wa chini ni wa urembo. Kuna mtu aliniambia naharibu biashara. Labda. Ila mteja akija kugundua mwenyewe kama mimi nilivyogundua, ataniita nani?

Sasa kipimo chenyewe, na ndicho kilichonifanya niandike. Hakina gharama hata shilingi.

Muulize mteja: upande mmoja au pande zote mbili? Zikikoroma pande zote mbili, taa weka mwisho kabisa. Anza na adapta. Halafu muulize sauti inatoka wapi. Simu au kompyuta ikiwa imewekwa sauti mpaka mwisho, na ekwalaiza imepandishwa bezi, sauti inafika kwenye amplifaya ikiwa imeshapasuka njiani. Hapo utabadilisha taa mpaka mtaji uishe. Mwambie azime ekwalaiza, apunguze kwenye simu, aongeze kwenye amplifaya, asikilize tena.

Ikiwa ni upande mmoja, kwanza jaribu hedifoni nyingine. Mkoromo ukibaki, hedifoni ya kwanza ni nzima, ukiisha basi hedifoni ya kwanza ndiyo mbovu. Kama hedifoni ni nzima, hapo ndipo zamu ya taa. Zima, chomoa kwenye umeme, acha dakika kumi ipoe. Taa ya kulia ipeleke kushoto, ya kushoto ipeleke kulia. Washa. Mkoromo ukihamia upande wa pili, umefuata taa, basi taa ndiyo mgonjwa. Ukibaki pale pale, taa haina kosa, tafuta kwenye soketi, waya wa kuingizia sauti, au ndani ya mashine, na ndani ya mashine siyo kwako. Hii inakubali kwa mashine ambayo kila upande una taa yake na taa zenyewe ni za namba moja. Kuna zenye taa moja tu inayobeba pande zote mbili, hiyo utapima kwa kuweka nyingine.

Ile ya dukani ilikuwa na kelele ya mikwaruzo kulia. Nikageuza taa, ikahamia kushoto. Nikafurahi kama nimepata A ya Fizikia. Nilipoitazama vizuri pini zake zilikuwa na weusi. Nikazifuta kwa ile dawa ya kusafishia bodi wanayotumia mafundi simu, nikaacha ikauke, nikaichomeka na kuichomoa mara tatu. Kelele ikaisha. Taa haikuwa mbovu, ilikuwa chafu. Wakati mwingine hata ile kuchomoa na kurudisha tu inatosha, maana pini zinajikwangua kwenye soketi. Usijiite fundi kwa sababu hiyo (mimi nilijiita, kwa siku mbili).

Kuchomoa kwenyewe kuna adabu yake. Shika chini ya kichupa, vuta juu wima huku unaitikisa kidogo sana. Usizungushe. Kurudisha, tafuta pengo kati ya pini, lilinganishe na pengo la soketi, ndiyo usukume. Pini ikikunjwa, kioo kinapasuka kwenye shina, hewa inaingia, na hiyo taa imekwisha. Ukiona juu ya kioo ile rangi inayong'aa kama kioo cha kujitazamia imegeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeshaingia, weka kando.

Na usifungue boksi. Nasema hivi kama mtu aliyepigwa shoti na vitu vidogo kuliko hivi. Kuna amplifaya za taa zenye volti zaidi ya 200 ndani, na kapasita zake zinaweza kuutunza huo umeme hata ukishachomoa waya. Mzigo unaweza kuurudisha, mkono hurudishi.

Kama kweli taa ni mbovu, nunua kwa namba, siyo kwa umbo. Mashine zangu zina taa za pini 7 zilizoandikwa 6J1. Hiyo ni ya Kichina. Unaweza kuweka 6AK5, au EF95, au 5654, na za Kirusi zimeandikwa 6Ж1П. Zenye pini 9 ndizo zinazopiga watu. 12AU7 na 12AX7 zinaingia soketi moja lakini nguvu ya kukuza sauti ni tofauti sana. 6922 nayo ina pini 9, itaingia vizuri tu, lakini waya wake wa moto umepangwa tofauti. Ukiiweka 12AU7 kwenye mashine iliyotengenezwa kwa 6922, haipati moto wa kutosha, na hapo umerudi kwenye mkoromo ule ule. Ukifanya kinyume chake unaweza kuiunguza. Kuna mashine zenye swichi ya kuchagua. Kama huoni swichi wala maelezo, usimuuzie mtu kwa kubahatisha.

Jambo jingine la kumwambia mteja kabla hajalipa: hedifoni zake zina omu ngapi. Imeandikwa kwenye boksi lake, ile alama ya Ω. Nyingi tunazouza ni 32. Kuna amplifaya za taa zilizotengenezwa kwa hedifoni za 300, na ukizichomekea za 32 zinalemewa, sauti inapasuka na kila kitu ni kizima. Mteja atasema umemuuzia mbovu, na hutakuwa na la kumjibu.

Sasa hivi mteja akinunua namtumia karatasi moja ndani ya boksi. Juu kabisa nimeandika kwa kalamu nene: ADAPTA YAKO NI HII, ISIPOKUWEPO NIPIGIE. Picha ya ile sehemu yenye namba naitunza kwenye simu, nikipigiwa naituma hapo hapo.

Mwalimu nilimtumia mashine yake na adapta nyingine kwa basi la asubuhi. Nikamweleza na habari ya LED, maana naye alikuwa anawaonyesha wageni taa zake. Akacheka sana. Jumapili akanitumia kipande cha kwaya, sauti safi. Hela ya adapta, elfu 12, bado namdai. Na zile taa zake za kwanza alizitoa na kunirudishia, nimezipima, ni nzima zote mbili. Anayezihitaji aje inboksi, ila aniambie kwanza anatumia adapta gani.