Sayari Mpya Hugunduliwa Mara Ngapi?

Siku hizi ni nadra mwezi kupita bila ya kutangazwa redioni au magazetini kwamba wataalamu wa elimu ya nyota wamegundua sayari mpya, au wameona galaksi, yaani mji mkubwa wa nyota, katika pembe za mbali za mbingu. Wengi hujiuliza: je, mambo haya hugunduliwa mara ngapi? Na je, tuyasadiki yote? Twaona kwamba watu wa kuyaelewa upesi maswali haya ni askari na polisi, kwa kuwa kazi yao ni kukesha lindoni, kuona dalili, na kuipima dalili kabla ya kutoa taarifa.

Hapo kale sayari zilikuwa adimu. Kwa maelfu ya miaka macho ya binadamu yalizijua tano tu mbali na dunia yetu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Mwaka 1781, huko Uingereza, William Herschel aliiona Uranus kwa darubini. Ikapita miaka 65 hata ilipoonekana Neptune, mwaka 1846. Pluto ilionekana mwaka 1930 ikahesabiwa kuwa ya tisa, lakini mwaka 2006 wataalamu waliokutana mjini Prague waliishusha cheo, ikawekwa katika kundi la sayari kibete.

Baadaye watu walianza kuzitafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine. Za kwanza kuthibitishwa zilitangazwa mwaka 1992, nazo huzunguka nyota iliyokwisha kufa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi waligundua sayari inayozunguka nyota iliyo hai, mfano wa jua letu, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Tangu hapo mlango ulifunguka. Machi 2022 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilihesabu sayari 5,000 zilizothibitishwa. Septemba 2025 hesabu ilifika 6,000. Elfu moja kwa miaka mitatu na nusu ni sawa na sayari tano au sita kila juma.

Lakini hazitangazwi moja moja kwa zamu. Tarehe 10 Mei 2016 zilitangazwa sayari 1,284 kwa siku moja. Hazikuonwa mara ya kwanza siku ile. Zilikuwa zimeonwa miaka kadhaa nyuma, zikawekwa katika jalada la watuhumiwa mpaka uchunguzi ulipokamilika.

Uchunguzi huo hufanywaje? Chombo kiitwacho Kepler, kilichorushwa angani mwaka 2009, kililinda nyota zaidi ya 150,000 kwa wakati mmoja. Sayari yenyewe ni ndogo na haina nuru yake, kwa hiyo haionekani. Lakini ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo, kama vile mlinzi aonavyo taa ya mbali ikififia mtu anapokatiza mbele yake. Sayari ya ukubwa wa dunia yetu ikipita mbele ya nyota kama jua, hupunguza mwanga kwa chini ya sehemu moja katika 10,000. Mara moja haitoshi. Wachunguzi wa Kepler walitaka mwanga upungue angalau mara tatu, kwa vipindi vilivyo sawa.

Hata hapo kazi haijaisha. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Nyota mbili zinazozungukana zaweza kuleta dalili ileile, na kasoro ya chombo vilevile. Ndiyo sababu Septemba 2025, zilipohesabiwa sayari 6,000, nyingine zaidi ya 8,000 zilikuwa zikingoja ushahidi.

Tahadhari hii ilipatikana kwa gharama. Urbain Le Verrier wa Ufaransa ndiye aliyepiga hesabu na kuonyesha mahali Neptune ilipojificha, na kweli ikakutwa karibu sana na hapo. Mwaka 1859 alipiga hesabu nyingine, akasema kuna sayari karibu zaidi na jua kuliko Utaridi. Daktari mmoja wa kijijini akasema ameliona doa jeusi likikatiza uso wa jua. Le Verrier alimwendea, akamhoji, akamsadiki, na sayari ile ikaitwa Vulcan. Alikufa mwaka 1877 akiiamini bado. Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza mwendo wa Utaridi bila ya kuhitaji sayari nyingine. Vulcan haikuwapo kamwe. Sifa kubwa na shahidi mmoja havikutosha.

Katika miaka ya 1960 Peter van de Kamp, akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba nyota ya Barnard, iliyo jirani na jua letu, inayumba kwa kuvutwa na sayari. Mwaka 1973 wengine waliipima kwa darubini nyingine wasione kitu. Tena ikabainika kwamba kuyumba kule kulilingana na nyakati darubini yake ilipofanyiwa marekebisho. Oktoba 2024 wataalamu walioilinda nyota hiyo kwa miaka mitano kutoka Chile walitangaza sayari ndogo, na mwaka 2025 idadi ikafika nne. Mtuhumiwa wa awali hakuwapo. Waliopatikana ni wengine kabisa.

Galaksi nazo zina hesabu yake. Mwaka 1995 darubini ya Hubble ilielekezwa kwa siku kumi kwenye kipande kidogo sana cha mbingu kilichoonekana kitupu, zikaonekana galaksi zipatazo 3,000. Kwa hiyo kuona galaksi mpya si habari. Kazi ni kuthibitisha umbali wake. Mwaka 2022 galaksi moja iliyoonwa na darubini ya James Webb ilidhaniwa kuwa miongoni mwa zilizo mbali kupita zote. Mwaka uliofuata nuru yake ilipochambuliwa, ikaonekana kuwa karibu zaidi sana.

Basi jibu letu ni hili: dalili huonwa kila usiku, bali sayari huhesabiwa kuwa imegunduliwa siku ushahidi unapotimia. Kati ya siku hizo mbili yaweza kupita miaka. Mtaalamu anayekataa kuifupisha miaka hiyo hapotezi wakati. Ndiye anayetuwezesha kuiamini hesabu ya 6,000. Nanyi mnaokesha lindoni mnajua kwamba kosa la namna hii likitokea duniani, anayeumia si nyota, ni mtu.