Kazi Tatu Mkononi, Kila Moja na Mahali Pake

Mshika mbili, moja humponyoka. Wahenga wamesema, na sina ubishi nao. Lakini fundi wa kufuma wa Bofu, kule Likoni, mara nyingi hana nafasi ya kushika moja: kuna vitambaa vya kochi alivyoagizwa na jirani, kuna boshori la mtoto atakayezaliwa karibuni, na kuna shali aliyojianzia mwenyewe. Asubuhi ni chai na watoto wa shule, mchana ni biashara, usiku stima ikipotea basi. Kufuma kunapata vijisaa vinavyobaki. Cha kujua ni kazi zipi zinaweza kukaa pamoja bila kugombania saa moja.

Somo hilo lipo nyumbani. Huku ni kwa Wadigo, na mkeka wa milala hauanzi ukiwa mkeka. Milala, yaani majani ya mkoma, hukaushwa na kuchanwa. Baadhi ya chane huchemshwa kwenye rangi. Halafu husukwa ukili, utepe mwembamba unaoviringishwa kadiri unavyorefuka. Mwisho ukili hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka upate upana wake.

Tazama kila hatua inadai nini. Rangi inataka moto, na mtu asiyeondoka jikoni. Kushona kunataka sakafu tupu, kwani mkeka uliokwisha kupanuka haubebeki. Kusuka kunataka vidole na maji kidogo tu, chane zilainike zisivunjike. Msusi anasuka akipiga soga, akichunga mtoto, hata akitembea. Ndiyo maana ukili wa mkeka ujao unaweza kuwa mkononi ilhali mkeka wa sasa unangoja kushonwa. Kazi ni mbili, lakini kila moja ina wakati wake.

Mfumaji apange vivyo hivyo. Kazi ya kwanza iwe ya safari: vipande vidogo vya mtindo unaojirudia, kama vitambaa vya mikono ya kochi. Vinaingia kwenye mkoba, na foleni ya feri au matatu iliyokwama ndiyo saa yake. Daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 2021 kati ya Ras Bofu na Liwatoni liliwapa watu njia ya kuvuka kwa miguu, lakini kroshia si ukili. Kufuma huku unatembea ni kutafuta kujikwaa. Kazi ya pili iwe ya macho: maua, uzi mweusi, mtindo wa kuhesabu. Hiyo ni ya mchana, watoto wakiwa shule. Ya tatu iwe kubwa ya kukaa nayo nyumbani, ile inayolala mapajani mkiongea. Ukiwa na tatu za aina moja, zote zitangoja saa ile ile, na hapo ndipo methali inapotimia.

Sasa idadi. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani John Little alithibitisha kanuni ya foleni inayofaa hata kwa kikapu cha nyuzi: kwa wastani, idadi ya kazi zilizo wazi ni sawa na kasi ya kuzimaliza mara muda ambao kila moja inakaa. Kama unamaliza kazi mbili kwa mwezi na daima una sita wazi, kila moja itakaa miezi mitatu. Zikiwa tatu, mwezi mmoja na nusu. Mkono haujaongeza mwendo hata kidogo, lakini mteja aliyetoa rubuni amepata mali yake mapema, na pesa yako haikulala kwenye uzi.

Kazi ikikaa sana, hata kipimo kinapotea. Mkono wa leo hukaza uzi, wa kesho huulegeza. Tuseme ulianza na vitanzi 20 kwa sentimita 10, ukarudi baada ya wiki kadhaa ukifuma 22 kwa upana ule ule. Safu ya vitanzi 100 iliyokuwa sentimita 50 sasa ni kama 45 na nusu. Shali imebana katikati na wala hukukosea hesabu. Mara nyingine mkosaji ni sindano: ya milimita 4 ilikopwa kwa kazi nyingine, ikarudishwa ya 3.5. Kwa hiyo kila kazi iwe na mfuko wake, na ndani yake sindano yake na karatasi iliyoandikwa ukubwa wa sindano, namba ya rangi iliyo kwenye lebo ya uzi, na hatua inayofuata. Ukiandika ulipoishia tu, utalazimika kufikiri upya. Andika cha kufanya ukirudi. Uzi nunua wote mara moja, maana rangi ya jina moja iliyotiwa siku nyingine huweza kutofautiana, na tofauti hiyo utaiona kitambaa kikishatandazwa juani. Na kwa hewa yetu ya chumvi, sindano ya chuma usiiache ndani ya kazi nyeupe. Kutu yake haitoki kirahisi. Ya alumini haina taabu hiyo.

Kabla hujaanzisha kazi mpya, basi, usijiulize kama una hamu nayo, kwani hamu haikosekani. Jiulize itakaa wapi: ya safari, ya macho, au ya nyumbani. Kama nafasi hiyo ina mwenyewe, mwambie mteja tarehe ya kweli, hata kama ni ya mwezi wa mbele. Mteja aliyeambiwa asubiri atasubiri. Aliyeahidiwa Ijumaa akakosa hatarudi.