Istilahi ya "Umbali wa Chaji" na Taathira ya Baridi

Kila anunuaye chombo cha umeme huuliza: chaji moja itanifikisha wapi? Neno "masafa" lingefaa, ila redio imekwisha kulichukua, kama katika "masafa mafupi". Na "mwendo" huchanganywa na kasi. Twaonelea "umbali wa chaji" ni wazi zaidi: umbali ambao chombo chaweza kwenda tangu betri ijae hata iishe.

Istilahi hii isichanganywe na "ujazo wa betri", yaani kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi. Umbali hutegemea pia njia, mzigo na hali ya hewa. Katika betri ya lithiamu, ayoni husafiri ndani ya kimiminika. Penye baridi kimiminika hicho huwa kizito, ukinzani wa ndani huongezeka, na sehemu ya nishati hupotea. Tena, gari la petroli huwapasha abiria kwa joto la injini ambalo lingetupwa bure. Gari la umeme hulitoa joto hilo katika betri. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitangaza mwaka 2019 vipimo vya magari matano: penye nyuzi -7 hivi za Selsiasi, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12, na kipasha joto kilipowashwa, asilimia 41.

Haya yamhusuje mwendeshaji wa Busale? Kyela ni nchi ya joto, lakini barabara ya Tukuyu hupanda mlima kuelekea kwenye baridi. Pikipiki haina kipasha joto, wala Tukuyu haina baridi ya Ulaya. Mlaji mkubwa hapo ni mlima: kuinua kilo 250 za chombo, mtu na magunia ya kakao kwa meta 1,000 kwahitaji takriban uniti 0.7 za umeme, mbali na upotevu mwingine.

Kwa hiyo yafaa tutenge "upungufu wa umbali", ambao huisha joto lirudipo au njia iwapo tambarare, na "uchakavu wa betri", usiorudi nyuma. Mwendeshaji apime chombo chake siku ya joto, kwenye njia tambarare, kwa mzigo uleule. Asiyetofautisha maneno haya aweza kuitupa betri nzima na kununua nyingine, kumbe kosa ni la mlima.