Kichezeo Kilichokaa Sandukuni

Kabla ya Ramadhani iliyopita tuliazimia kupunguza masanduku yaliyolundikana juu ya kabati letu. Katika sanduku moja la safari, chini ya mashuka na mafaili ya shule, tulikuta mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kichezeo cha mkononi aina ya Game Boy, cha rangi ya kijivu, kinene kama kipande cha tofali, na kaseti nyekundu ya mchezo wa Pokémon imechomekwa mgongoni mwake. Tulikitambua mara moja. Fundo lile tulilifunga sisi wenyewe, mwaka 2000.

Mwanetu wa kiume wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja. Alikinunua katika soko la Jumapili la hapa Uingereza, kimekwisha tumika, kwa pesa za sikukuu alizopewa Idi ya mwezi wa Januari mwaka ule. Ilipokaribia mitihani ya kumaliza shule ya msingi tulimnyang'anya, tukamwahidi kumrudishia akishamaliza. Akamaliza, sisi tukahama nyumba. Alipouliza tulimwambia kimepotea katika mizigo, na wala hatukukitafuta. Aliuliza tena mara moja, kisha hakuuliza kamwe. Tumesomesha kwa zaidi ya miaka thelathini na tumenyang'anya vitu vingi, lakini vya watoto wa watu tulikuwa tukivirudisha siku ya kufunga shule.

Mjukuu wetu wa miaka tisa, mtoto wa binti yetu, ndiye aliyetaka kijaribiwe. Betri nne zilizoachwa ndani zilikuwa zimevuja na kuota ukungu mweupe. Tulisugua vyuma vyake kwa pamba iliyochovywa katika siki, tukavikausha, tukatia betri mpya. Taa nyekundu ikawaka, na ule mlio wa kengele ambao zamani ulikuwa ukitukera wakati wa chakula ukasikika tena.

Kifaa hiki kilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989, kikafika Marekani mwezi wa Julai mwaka huo huo na Ulaya mwaka 1990. Aliyeongoza kazi ya kukibuni ni Gunpei Yokoi, aliyeajiriwa na Nintendo mwaka 1965 kutunza mashine za kutengenezea karata. Kanuni yake ilikuwa kuchukua vyombo vilivyokwisha zoeleka na kushuka bei, akavitumia kwa namna ambayo wengine hawakuifikiria. Ndiyo maana kioo cha Game Boy hakina rangi wala taa: kina nukta 160 kwa 144 tu, katika vivuli vinne vya rangi kama ya mchicha uliopikwa sana. Wapinzani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi na mwanga, lakini kila kimoja kilikula betri sita kwa saa chache. Game Boy kilikwenda zaidi ya saa kumi kwa betri nne, na mzazi anayenunua betri kila wiki alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Pamoja na ndugu yake wa rangi wa mwaka 1998, viliuzwa zaidi ya milioni 118. Bwana Yokoi alifariki katika ajali ya barabarani Oktoba 1997, akiwa na miaka 56.

Mjukuu alipokishika, jambo la kwanza alilofanya ni kugusa kioo kwa kidole. Hakikujibu. Kisha akalalamika kuwa haoni kitu, nasi tukamsogeza dirishani, kwa kuwa bila ya jua au taa ya pembeni huoni ila kivuli cha uso wako mwenyewe. Tulimnunulia kaseti ya pili iliyotumika, ya Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Vipande vya namna saba vinashuka, nawe unavipanga visiache mwanya. Hapana hadithi wala mshindi. Vinashuka mpaka vikushinde, na ukizima kifaa alama zako zote zinafutika. Tulidhani mtoto atachoka baada ya dakika tano. Aliyeshindwa kukiweka chini ni sisi. Mwenzetu wa nyumbani alitukumbusha mara mbili kuwa chai imepoa.

Tofauti na michezo ya kwenye simu tuliiona hasa wakati wa sala. Mjukuu alibonyeza kitufe cha START, vipande vikasimama hewani, akaenda kutawadha, akarudi akavikuta vile vile. Mchezo wake wa simu tulipewa bure, lakini humkatiza kwa matangazo, humuuzia vito visivyoshikika, na usiku humpigia kengele kumwambia kuwa anangojwa. Hicho cha zamani hakimjui jina, na hakimwiti.

Hata hivyo tusikisafishe kupita kiasi. Pokémon ilitolewa katika kaseti mbili zilizopishana kwa makusudi, ili mtoto asiweze kukamilisha mkusanyo wake bila ya mwenzake mwenye kaseti nyingine na waya wa kuunganisha. Hilo lilikuwa biashara, ingawa liliwakalisha watoto pamoja kwenye ngazi. Vile vile, katika mji wa Celadon mna ukumbi wa mashine za kamari, na kamari ni miongoni mwa sababu zilizotajwa Saudi Arabia ilipoipiga marufuku Pokémon mwaka 2001. Sisi lakini hatukukificha kifaa kwa ajili hiyo. Tulikificha kwa ajili ya hesabu na Kiingereza.

Sasa tufike kwenye kaseti yenyewe. Mjukuu alitaka kuanza mchezo mpya, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe tulipomshika mkono. Kaseti hii huhifadhi mchezo mmoja tu. Atakayeanza upya na kuhifadhi hufuta wa mwenziwe. Katika kioo yaliandikwa jina la mwanetu, nishani 3, na muda wa saa 31 na dakika 52. Tulifungua mchezo wake tuutazame tu. Ndani ya mnara wa Lavender Town akatokea mpinzani, yule ambaye mchezaji humpa jina mwenyewe mwanzoni, kwa herufi zisizozidi saba. Mwanetu alikuwa amemwita MWALIMU. Akatupiga vibaya, tukazima bila ya kuhifadhi.

Wenye kaseti kama hizi majumbani na wajue kwamba kumbukumbu hiyo inashikwa na betri bapa, mfano wa sarafu, iliyolehemiwa ndani. Mara nyingi huishi miaka 15 hadi 20. Yetu imepita hapo. Ikifa, kila kitu kinafutika, na kadhalika ukiibandua kuweka mpya. Njia ya salama ni kuinakili kumbukumbu kwanza kwenye kompyuta, kwa kifaa maalumu cha kusomea kaseti, kisha kubadilisha betri na kuirudisha. Wala msitegemee kuununua mchezo huu upya kwa Nintendo 3DS: ulianza kuuzwa humo mwaka 2016, na duka lile likafunga mauzo tarehe 27 Machi 2023.

Tulimpigia simu mwanetu, ambaye sasa ana familia yake katika mji mwingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kile kichezeo chako hakikupotea. Tulikificha, na tulipokwambia kimepotea hatukuwa tumekitafuta."

Alinyamaza kidogo. "Nilijua, baba. Niliuona ule mfuko siku ya kuhama. Nilikuwa nangoja mnipe."

Tulimtaka radhi. Akasema yamepita, kisha akauliza kama betri ya kaseti bado hai. Tulipomwambia ni hai, sauti yake ilibadilika. "Mtoto asiguse NEW GAME. Nakuja Jumamosi."

Alikuja na kifaa cha kunakilia alichoazima kwa rafiki yake, pamoja na bisibisi ya kichwa maalumu, kwani ya kawaida haifungui kaseti hizi. Kazi ya kulehemu ilimchukua muda, nasi tulikaa kimya kama watahiniwa. Kumbukumbu ilirudi: jina, nishani 3, saa 31 na dakika 52. Akavuta kiti dirishani, mjukuu akasimama begani kwake. Walipofika mnarani mtoto akamwuliza mjomba wake huyo MWALIMU ni nani. Mjomba hakujibu, aliendelea kubonyeza, na safari hii MWALIMU akashindwa.