Simu ya Bure Inayolipwa kwa Miezi 36

Mwaka 2002, mume na mke mmoja wa California walijiunga na huduma ya simu iliyotangazwa kwamba mteja anapewa na simu bure. Kweli, simu hawakuzilipia. Walichotozwa ni kodi ya mauzo, dola 30.22, iliyokokotolewa kwa bei kamili ya simu hizo hizo za bure. Mwaka 2006 wakafungua madai. Kesi hiyo, AT&T Mobility dhidi ya Concepcion, ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Aprili 2011, majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba kampuni ikiweka kwenye mkataba kifungu cha kupeleka malalamiko kwa msuluhishi, kila mteja peke yake, kifungu hicho kina nguvu hata pale sheria ya jimbo inapokikataa.

Uamuzi huo unamgusa hadi leo kila anayepeleka simu yake kuukuu kwa kampuni ya simu Marekani ili apate mpya. Punguzo alilotangaziwa lisipoonekana, mara nyingi hana njia ya kushitaki pamoja na wenzake. Atapigania pesa zake mwenyewe.

Na punguzo lenyewe halitolewi dukani. Mteja anauziwa simu mpya kwa bei kamili, kwa mkopo usio na riba, kisha kampuni inamrudishia kidogo kidogo kwenye bili. AT&T na Verizon hutumia miezi 36; T-Mobile kwa kawaida 24. Chukua simu ya dola 1,080 iliyoahidiwa punguzo la dola 720. Kila mwezi bili inaonyesha deni la dola 30 na punguzo la dola 20, mteja analipa 10. Akihama kampuni baada ya mwaka mmoja, punguzo linakatika na deni lililobaki, dola 720, linadaiwa lote kwa pamoja. Dola 480 alizokuwa bado hajarudishiwa zimekwenda.

Huyo angalau alihama kwa hiari yake. Wanaoumia zaidi ni wale waliotimiza kila sharti, wakatuma simu ya zamani, kisha bili ikaja bila punguzo.

Chanzo kwa kawaida ni safari ya simu hiyo. Muuzaji anaandika ofa kwenye akaunti, simu inasafirishwa hadi ghala la ukaguzi, na mfumo wa bili unasubiri taarifa kutoka kote kuwili. Muuzaji akichagua ofa isiyo sahihi, au IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iliyoandikwa isilingane na ya simu iliyopokelewa, mfumo hauna cha kuunganisha. Ghala likikuta kioo kimepasuka, au Find My, huduma ya Apple ya kutafuta simu iliyopotea, haijazimwa, simu inashushwa thamani au kukataliwa. Kuchelewa kutuma pia kunatosha kuifuta ofa, na kubadilisha kifurushi kwenda cha bei nafuu vilevile. Wakati huo simu kuukuu imeshaondoka mikononi, na mara nyingi hairudi tena.

Kwa hiyo ushahidi ukusanywe kabla sanduku halijafungwa. Bonyeza *#06# uone IMEI, tarakimu 15, na uipige picha. Piga picha ya kioo kikiwa kimewashwa, mgongo wa simu na kingo zake. Hifadhi tangazo la ofa pamoja na masharti yake ya siku ile, mazungumzo na muuzaji, risiti ya posta na namba ya kufuatilia mzigo. Punguzo huweza kuchukua bili mbili au tatu kuanza. Likianza, hakikisha na miezi ya nyuma imefidiwa.

Mei 2024, wanasheria wakuu wa majimbo walifikia makubaliano ya zaidi ya dola milioni 10 na AT&T, Verizon na T-Mobile kuhusu matangazo yanayopotosha, yakiwamo ya simu za bure. Kampuni hizo zilikubali kueleza masharti ya ofa kwa uwazi. Ni hatua nzuri, ila haimrudishii mteja dola 20 zilizokosekana kwenye bili ya mwezi uliopita.

Anayezidai asiishie kwa mhudumu wa simu anayemwambia asubiri bili nyingine. Ipo mahakama ya madai madogo, ambayo mikataba mingi ya simu inairuhusu. Kabla ya hapo ipo Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC. Malalamiko yasiyo rasmi yanawasilishwa mtandaoni bila malipo wala wakili. Tume inayapeleka kwa kampuni, nayo inatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30, nakala ikienda kwa mteja. Wasomaji mnaoishi Marekani, bili ya tatu ikifika bila punguzo, andikeni kwa tume wiki hiyo hiyo, na picha ya IMEI mkiwa nayo.